Posa ya Mpima Mizani

Rehema, mwanangu, na ninyi wenzake mnaopokea korosho pale ghalani. Msimu uliopita mlipokuja kunisalimu hapa Mkomaindo, Masasi, mliniuliza: mtu akistaafu, kipi kina raha zaidi, kuwa na mwenzi au kukaa peke yako? Nikawajibu palepale, chai haijapoa hata: peke yako. Mkacheka, mkaaga, mkaenda zenu. Siku ile nilisema ninachokiamini. Sasa jibu lile limenipwaya, na sipendi mtembee nalo mkisema Bibi Esha kasema. Kwa hiyo kaeni, nianze upya.

Mnanijua kwa ukali wangu wa bambo. Kwa wale wageni wasiolijua, bambo ni kile chuma chenye mfereji unachokichoma guniani ukatoa korosho za katikati bila kulifungua gunia. Nililishika nikiwa msichana mwembamba, nikaliacha magoti yangu yakiwa yanalalamika kila nikiinama. Hapo katikati nimekata korosho nyingi kutazama kiini na kuzipa daraja, mpaka wakulima wengine wakawa wakiniona barabarani wanahama upande.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Sharifa, Mungu amrehemu, mama mnene asiyepandisha sauti. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu: "Ukikata korosho mbichi usijiguse usoni." Nikaitikia vizuri kabisa, na kabla ya saa ya uji nikajifikicha jicho. Yale mafuta ya ganda mnayajua. Nililia kama niliyefiwa, jicho likavimba, uso mzima ukabanduka ngozi siku zilizofuata. Bi Sharifa akanipaka mafuta ya nazi, akanifunika kanga, akaniambia, "Haya, sasa umeajiriwa." Tangu hapo sijawahi kumkemea kijana aliyejigusa jicho. Namletea mafuta ya nazi, basi.

Bi Sharifa alinifundisha kukwaruza korosho kwa ukucha. Ganda likibaki na alama, bado haijakauka, hata mwenyewe akiapa kwamba ameianika mpaka imechoka. Alinifundisha kusikiliza gunia likimwagwa: iliyokauka ina kelele, yenye maji inaanguka kimya kimya. Ninyi sasa mna mashine ya kupimia unyevu, unatumbukiza, namba inatokea, hamna haja ya masikio. Sawa, ni nzuri, mimi siyo mzee wa kusema vya zamani ndiyo vyenyewe. Lakini betri ikiisha mnasimama mnatazamana, hapo ndipo mnanipigia simu.

Tena aliniambia: usitoe daraja ukiwa na hasira, wala usitoe daraja ukiwa na huruma. Mwenye gunia akilia, msubiri amalize kulia, ndipo ukate. Hilo mlishike, kwa sababu nitalirudia nikifika kwa Baba Issa.

Baba Issa ndiye Mzee Bakari, mpima mizani. Ninyi mlimkuta anakaribia kustaafu, mkamwona mzee wa polepole tu. Sisi tulikaa naye miaka yote, mizani yake hapa, meza yangu pale, katikati njia ya wapagazi. Alikuwa na ufagio wake mdogo wa chelewa. Kila asubuhi anapiga magoti anafagia chini ya mizani, anatoa vumbi na mabaki ya korosho, halafu anapanda juu mwenyewe, anashuka, anatazama kama mshale umerudi mahali pake. Wapagazi wakimharakisha anawaambia, "Ngojeni itulie." Gunia likiwekwa, mizani inacheza, yeye amekunja mikono. Nilikuwa namwambia, "Baba Issa, wewe ukiwa jikoni watu watakufa njaa." Ananijibu, "Na wewe Mama Zuhura ukiwa mlangoni hakuna mgeni atakayeingia." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kutaniana, kugombana, kugawana mihogo ya kuchemsha aliyofungiwa na mkewe, maana Mama Issa hakuwahi kumfungia ya kwake peke yake. Alikuwa anasema, "Na ya yule mkali wako ipo humo."

Sasa hapa inabidi niwaeleze kitu, maana siku hizi mnanunua viwanja mjini mnajenga, mila hamzijui vizuri. Baba Issa ni Mmakonde wa Chilangala, kule juu Newala. Mkewe alikuwa Mmakua wa Chiungutwa. Kwa mila zetu za huku mwanamume ndiye anayemfuata mke. Anajenga kwenye ardhi ya mama mkwe, analima hapo, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yao ni mjomba. Baba Issa alijenga Chiungutwa nyumba ya maana, ya matofali ya kuchoma na bati, akachimba na choo cha kisasa. Kila likizo yuko juu ya paa na nyundo. Nilimwuliza siku moja, "Na kwenu Chilangala umejenga nini?" Akasema, "Nikafanye nini kule? Dada yangu yupo."

Mimi kwa upande wangu nimeshaolewa, msinitazame hivyo. Baba yake Zuhura alikwenda Lindi kutafuta kazi, akapata kazi, na mke akampata hukohuko. Talaka nililetewa na mtu wa heshima, nikampikia wali akala. Nikalia wiki ile, wiki iliyofuata nikarudi kwenye korosho. Nyumba hii ninayokaa ipo kwenye kiwanja cha mama yangu, kwa hiyo hakuna wa kuniambia ondoka. Zuhura nimemlea humu, akasoma, sasa yupo Dar es Salaam na wanawe.

Nilipostaafu, miezi ya mwanzo nilikuwa kama mtu aliyeshushwa kwenye gari kituo siyo chake. Naamka alfajiri, navaa, nakumbuka sina pa kwenda. Nikinunua maharage sokoni nayapasua kwa meno mbele ya muuzaji, mpaka mama mmoja akaniambia, "Bibi, haya ni ya kupika, hayaendi mnadani." Halafu polepole nikatulia. Nikapanda mchicha na bamia nyuma ya nyumba. Nikajiunga na kina mama wenzangu wa kusuka mikeka, tunakaa barazani kwa mmoja wetu, tunasuka ukili na kusema watu. Nikitaka kula nakula, nisipotaka nakunywa chai na kiporo, hakuna wa kuniuliza leo tunakula nini. Redio naifungua ninavyotaka. Jamani, ilikuwa raha, na sitaki mtu anidhulumu raha ile kwa kusema nilikuwa najidanganya.

Na nilikuwa nawaona wenzangu wenye waume. Mmoja, sitamtaja, mume wake alikuwa mkubwa wa ofisi. Alipostaafu akahamishia ofisi jikoni. Anakaa kwenye kigoda, anauliza kwa nini kitunguu kinakatwa hivi, kwa nini maji yamechemka kabla unga haujaletwa. Miaka yote yule bibi alikuwa anamwona jioni na Jumapili tu, wakapendana vizuri, leo anashinda naye kutwa. Alikuwa anakuja kusuka mkeka kwangu hata siku ambayo hatusuki. Ndiyo maana Rehema uliponiuliza, jibu lilinitoka lenyewe.

Haya, sasa sikilizeni kilichotokea baada ya ninyi kuondoka.

Mama Issa alifariki. Aliugua muda mfupi, akaenda. Nilikwenda Chiungutwa msibani nikamkuta Baba Issa amekaa kwenye mkeka na wanaume, anaitikia watu, lakini macho hayapo. Ilipoisha arobaini, wazee wa ukoo wa mkewe wakamwita wakamkalisha. Wakamshukuru kwa kumtunza binti yao. Wakamvisha kanzu mpya na kofia. Mjomba akamwambia kwamba yuko huru sasa, na kwamba wanamrudisha kwao kwa heshima kama walivyompokea. Nyumba ikabaki kwa mtoto wa dada wa marehemu, maana wanawe wako mjini; ndivyo mila inavyokwenda. Hakuna aliyemfukuza wala kumkosea adabu. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa upande wa pili wa mkeka huo, shemeji yake, mume wa dada yake mwingine aliyefariki, aliporudishwa kwao kutoka Chilangala, na hakuona shida yoyote.

Watoto wake, Issa na wenzake, walimwambia aje kwao mjini. Hakutaka. Kurudi kwa dada yake Chilangala aliona haya, mzee mzima anarudi na begi kama kijana aliyeachishwa kazi. Akaja kupanga chumba hapa Mkomaindo, nyuma ya wauza chipsi. Alikuwa anakula mgahawani, shati limekosa kifungo, ndevu haziko sawa. Mtu aliyekuwa anafagia chini ya mizani kila asubuhi, chumba chake sasa hukifagia wiki ikipita. Niliumia kumwona.

Akawa anapita kunisalimu. Nampa chai, tunazungumza habari za ghalani, nani kahamishwa, bei ya mnada imekuwaje. Kesho yake anapita tena. Nikaanza kupika kikombe kimoja zaidi cha mchele. Mama zangu wa mikeka wakaanza kukohoa kila akipita.

Siku moja mchana, nachambua mchicha, akaja hakukaa. Akasimama hapo penye nguzo.

"Mama Zuhura, nina neno."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa nitalisahau. Ilikuwa nimtume mtu, lakini umri huu nimtume nani? Nimekuja mwenyewe. Nataka nikuoe."

Mchicha ukanitoka mkononi. Mara ya mwisho mtu kunitamkia neno hilo Zuhura hajazaliwa. Nikajifanya natafuta kisu. Moyoni nilifurahi, niwaambie ukweli, nilifurahi. Lakini nikamtazama: lile shati, zile ndevu, yale macho ya mtu aliyepotea. Nikamkumbuka Bi Sharifa. Nikajisemea, Esha, huyu bado analia, ngoja amalize.

"Baba Issa," nikamwambia, "nikuulize, usikasirike. Unataka mke au unataka nyumba?"

Akakunja mikono. Mwingine angeniapia pale pale, angenitajia Mtume na Kurani. Yeye akangoja kama anavyongojea mizani.

"Sijui," akasema. "Viliondoka pamoja. Siwezi kuvitenganisha."

"Basi nenda ukavitenganishe. Nenda kwa dada yako Chilangala. Ulime, ujue kujipikia, ujue kulala ukaamka bila mtu. Ukiingia humu leo utaingia kwa kuwa huna pa kwenda, na mimi nitakufungulia kwa kuwa nakuonea huruma. Mwaka mmoja tu tutachukiana."

"Unanikatalia."

"Nakukatalia leo."

Akavaa kofia yake vizuri, akasema, "Haya, Mama Zuhura," akaondoka. Baada ya siku chache nikasikia amefunga begi, amepanda Newala.

Zuhura alinipigia simu akiwa amekwishasikia, mji huu hauna siri. "Mama, umemfukuza yule mzee wa watu?" Nikamwambia sijamfukuza, nimempa nafasi. Akasema, "Umempa nafasi ya kwenda mbali." Nikamwambia akalishe watoto.

Sasa vijana, hapa ndipo pananihusu mimi. Msimu ukaanza. Malori yanapita barabarani na magunia, vumbi la salfa ya kupulizia mikorosho limeshatulia mashambani, harufu ya mabibo imejaa kila mahali. Mimi nikawa nasubiri. Sikumwambia mtu, hata nafsi yangu sikuiambia. Nilikuwa nikisikia baiskeli inakwaruza mchanga nje, nainua shingo. Ni muuza samaki. Nikisuka mkeka nakosea mstari, nafumua. Wali nimeshapika, nautazama, umezidi.

Habari zake nilizipata kwa yule mama anayeleta mihogo mikavu kutoka Newala. Akaniambia mzee wako mbona kanenepa, ana shamba lake la mihogo na mbaazi, anajipikia mwenyewe, dada yake anamcheka kwa kuwa anapanga vyungu mstari. Tena vijana wa chama cha msingi cha ushirika wanamwita awaoneshe kutunza mizani. "Anacheka kweli kweli," akasema. Nikasema alhamdulillahi. Alipoondoka nikaingia ndani nikakaa kitandani. Ningetakiwa kufurahi, si ndiye mimi niliyemtuma? Wivu ukanishika, na wa kumwonea sina. Nilikuwa naona wivu juu ya mihogo na mbaazi.

Halafu akaja. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nafagia. Kanzu safi, ndevu zimechongwa, begani kabeba kikapu cha mbaazi mbichi. Nikashikilia ufagio. Nikamkaribisha, nikapika chai, sukari nikaimwaga pembeni ya kikombe.

Akakunywa, akaweka kikombe chini.

"Mama Zuhura, nimekuja kukushukuru. Ulisema kweli. Mimi nilikuwa natafuta nyumba. Nilikuwa naogopa kulala peke yangu kama mtoto. Sasa silii, ninalala, napika hata mlenda unavutika vizuri. Ungenikubali siku ile ningekuwa mzigo kwako. Mungu akulipe."

"Amina," nikasema.

"Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mimi tena. Lisahau lile neno langu la siku ile."

Nikasema, "Vizuri, Baba Issa. Vizuri sana." Nikamfungia embe akawapelekee wajukuu wa dada yake. Nikamsindikiza mpaka barabarani, akapanda bodaboda, akanipungia mkono, nikapunga. Nikarudi ndani, nikafunga mlango mchana kweupe, nikakaa sakafuni.

Wanangu, nimekaa peke yangu miaka mingi na sikuwa mpweke. Siku ile nikawa mpweke. Nyumba ni ileile, redio ileile, mchicha uko nje unamea. Nilichokuwa nimekipoteza sikuwahi kuwa nacho, na hilo ndilo lililonitia uchungu na hasira pia. Nikajikasirikia, nikamkasirikia yeye kwa kunielewa vizuri mno. Kumbe siku ile aliposimama penye nguzo na mimi nilikuwa na neno, sikulisema kwa sababu lake lilikuwa zito zaidi.

Kina mama wenzangu niliwaambia. Mmoja akasema achana naye, una nyumba yako, una afya yako, unataka kufua kanzu za watu uzeeni? Mwingine, yule mwenye mume wa jikoni, akaniuliza tu, "Unamtaka?" Nikasema namtaka. Akasema, "Basi mwambie, kabla hajapazoea Chilangala." Nikamwuliza mwanamke anaanzaje kumwambia mwanamume. Akasema hajui, yeye aliletewa posa na wazee, lakini kinywa ninacho na tangu anijue sijawahi kukosa la kusema.

Ilinichukua wiki nzima kupiga moyo konde. Nikavaa kanga mpya, nikajitanda, nikapanda gari la Newala asubuhi. Gari likaupanda ule mlima, baridi ikaanza, ukungu umelala kwenye mikorosho. Njia nzima napanga maneno. Nikifika Newala nimeyapanga vizuri, nikipanda bodaboda ya Chilangala yameshavurugika.

Dada yake, Bi Somoe, ndiye aliyenipokea. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia, "Marahaba," akanitazama kuanzia juu mpaka viatu, akaita, "Kaka! Mgeni wako wa Masasi." Akanikalisha nje kwenye mkeka, mahali wanapomenyea mihogo. Baba Issa akatokea nyuma ya nyumba na kisu na beseni. Akashangaa, akafurahi, akauliza kama nyumbani kuna msiba.

"Hakuna msiba."

"Zuhura mzima?"

"Mzima. Nipe kisu kingine nikusaidie."

Tukamenya mihogo. Bi Somoe hakuondoka, alikaa palepale akichambua mbaazi, na wala sikumlaumu, hapo ni kwake. Nikamenya muhogo mmoja, nikamenya wa pili. Nikaona nikingoja mpaka beseni lijae nitarudi Masasi na maneno yangu tumboni.

"Baba Issa, ulisema nisahau lile neno lako."

"Nilisema."

"Nimeshindwa."

Kisu chake kikasimama. Nikaendelea, maana nikinyamaza ndiyo basi tena. Nikamwambia sikuja kwa huruma, hana cha kuhurumiwa, anaonekana mzuri kuliko mimi. Nikamwambia nimeishi vizuri peke yangu na nikirudi leo nitaendelea kuishi, sitakufa. Lakini nikipika namkumbuka, gari likipita namkumbuka, na sitaki kujifanya kwamba simkumbuki. Nikasema, "Wewe ulinijia ukitaka nyumba. Mimi nyumba ninayo. Nakutaka wewe."

Bi Somoe akaacha mbaazi. Baba Issa akatazama beseni, akakunja mikono. Ninyi mliofanya naye kazi mnajua anavyonyamaza. Nimemwona akinyamaza hivyo mbele ya wakulima wenye hasira, mbele ya wakubwa kutoka mkoani, na kila mara nilikuwa nikimcheka. Siku ile sikucheka. Nilitazama mikono yangu yenye utomvu wa mihogo, nikajiambia, Esha, akisema hapana utainuka, utamshukuru Bi Somoe kwa mkeka, utakwenda barabarani, na usilie mpaka upite ile mikorosho ya mwisho.

"Shamba langu sitaliacha," akasema mwishowe.

"Usiliache."

"Nitakuwa nakuja Masasi, na nitakuwa narudi huku. Mbaazi zikiiva niko huku. Niliweka maisha yangu yote mahali pamoja, Mama Zuhura, pakachukuliwa kwa siku moja. Sirudii tena."

"Na mimi mikeka yangu sitaiacha, na redio nafungua ninavyotaka."

"Fungua."

Kisha akarudi kutazama beseni, na hapo nikaona bado hajanijibu. Alikuwa amenipa masharti tu. Hata mfanyabiashara asiyenunua huuliza bei. Nikataka kumhimiza, nikachukua muhogo wa tatu.

"Nilipokuja na zile mbaazi," akasema, "nilikaa kituoni Masasi mpaka gari la pili likaondoka. Nilikuwa nangoja unifuate uniambie nisiende. Nikaona huji. Nikasema, basi, huyu kweli hanitaki, nimshukuru Mungu kwa mihogo." Akachukua kisu changu mkononi mwangu, akakiweka kando. "Nakutaka, Esha."

Rehema, jina langu. Miaka yote ile Mama Zuhura, Mama Zuhura, hata siku ya posa. Nikalia. Nililia mbele ya wifi yangu, utomvu mikononi, nisiweze hata kujifuta. Bi Somoe akaja akanipangusa kwa kanga yake mwenyewe, akaniuliza, "Sasa unalia nini, mama, na umekubaliwa?"

Nikamwambia kweli. Nilikuwa nimeogopa sana.